Walimtoa Basil, Hoteli Ikabaki Tupu

Na Salma Makame

Mchekeshaji wa Uingereza John Cleese amewahi kusimulia kwamba alikutana kwenye sherehe na watayarishaji wa televisheni wa Marekani waliokuwa wakiandaa toleo lao la kipindi chake cha vichekesho, Fawlty Towers. Akawauliza kama wamebadilisha chochote. Kitu kimoja tu, wakamjibu: tumemwondoa Basil.

Kwa asiyemjua, Basil Fawlty ndiye mwenye hoteli, na vichekesho vyote vinamzunguka yeye. Ukimtoa, unabaki na vitanda, kengele ya mapokezi na mhudumu kutoka Barcelona asiyeelewa anachoambiwa. Wamarekani waliona hivyo vinatosha. Walijaribu mara tatu, na mara zote tatu wakaanguka. Fedha walikuwa nazo, waigizaji hodari walikuwa nao. Mimi nadai walianguka kwa sababu walitaka kicheko bila ile aibu inayokizaa.

Tuanzie ilikotoka. Mei 1970 kundi la wachekeshaji la Monty Python, Cleese akiwamo, lilifikia katika hoteli ya Gleneagles mjini Torquay, kwenye pwani ya kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwenye hoteli, Donald Sinclair, alimsema Terry Gilliam wa kundi hilo kwa namna anavyoshika kisu na uma. Mkoba wa mwenzake, Eric Idle, akautoa nje, akidhani una bomu. Wengine wakahama. Cleese akabaki, akawa anamtazama tu yule bwana. Miaka mitano baadaye, yeye na mkewe Connie Booth wakamgeuza kuwa Basil.

Zilitoka sehemu 12 tu: sita mwaka 1975 na sita mwaka 1979, wakati ambapo Cleese na Booth walikuwa wameshaachana lakini wakaendelea kuandika pamoja. Skripti moja iliwachukua kama wiki sita. Mwaka 2000 Taasisi ya Filamu ya Uingereza iliipa Fawlty Towers nafasi ya kwanza katika orodha yake ya vipindi bora 100 vya televisheni nchini humo. Na huyo Connie Booth ni Mmarekani, mzaliwa wa Indianapolis. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba Mmarekani hawezi kuuelewa utani huu.

Tazama ile sehemu ya usiku wa chakula cha kifahari. Basil ametangaza karamu yake katika jarida linalosomwa na wakubwa, na tangazo linasema wazi kwamba makabwela wasijisumbue kuja. Wageni wachache wa heshima wamefika. Jikoni mpishi kalewa chakari. Basil anakimbilia mgahawa wa rafiki yake kuchukua bata aliyekwisha kupikwa, na njiani gari linazimika. Gari hilo Sybil, mkewe, alishamwambia alipeleke gereji. Yeye kwa ubahili na ubishi akalichokonoa mwenyewe. Basi anashuka, analifokea, analihesabia moja hadi tatu. Halitikisiki. Anatoweka kidogo, anarudi na tawi la mti, anaanza kulichapa.

Tunacheka kwa sababu tunajua nani anamsubiri hotelini. Kule yuko mke ambaye Basil anamwogopa, na wapo wale wakubwa ambao angetoa chochote ili wamhesabu kuwa mwenzao. Hawezi kumchapa yeyote kati yao, ndiyo maana gari linakiona cha moto. Uingereza ile kila mtu aliijua ngazi yake, na Basil alikuwa mtu wa ngazi ya kati anayewanyenyekea wa juu na kuwadharau wa chini. Kila uongo wake unatoka hapo.

Sasa waone Wamarekani. Mwaka 1978 walirekodi kipindi cha majaribio, Chateau Snavely, wakiwa na Harvey Korman na Betty White. Hakikuzaa mfululizo. Mwaka 1983 kituo cha ABC kikamweka Bea Arthur kuwa Amanda, mwenye hoteli ya ufukweni California. Huyo Amanda alibebeshwa mdomo wa Basil na mamlaka ya Sybil kwa pamoja. Anafoka vizuri kweli, lakini anamwogopa nani? Hoteli yake, amri yake, hana wa kumficha kitu. Kipindi kilianza Februari, na kufikia Mei kilikuwa kimekwisha.

Mwaka 1999 CBS nayo ikaleta Payne, John Larroquette akiwa mwenye hoteli. Safari hii mume yupo na mke yupo. Lakini hoteli iko tena pwani ya California, mahali ambapo mgeni hapimwi kwa cheo cha ukoo wake. Nani basi amfanye mwenye hoteli atokwe na jasho la aibu? Kipindi kilianza Machi, hakikuvuka Aprili. Cha kuazima hakistiri maungo.

Nisieleweke vibaya: kuiga si dhambi. Mwaka 1971 Norman Lear alichukua kipindi cha Waingereza, Till Death Us Do Part, akakifanya All in the Family. Alimweka Archie Bunker kwenye nyumba ya Queens, New York, akamgombanisha na mkwewe juu ya ubaguzi wa rangi na vita vya Vietnam, mambo yaliyokuwa yakiwachoma Wamarekani wenyewe wakati ule. Kipindi kikaongoza kwa watazamaji Marekani miaka mitano mfululizo. The Office nayo, ilipoingia Marekani mwaka 2005, ilianza kwa kufuata karibu neno kwa neno skripti ya Uingereza. Ilipata nguvu ilipoanza kumwandika bosi wa Kimarekani, mwenye kiu ya kupendwa na kila mtu. Ikadumu misimu tisa.

Mwaka 2024 Cleese aliirudisha Fawlty Towers, safari hii jukwaani, katika Apollo Theatre, London. Alichukua sehemu tatu za zamani akaziunganisha, na Basil akatoka vilevile: mwoga, mwongo, mwenye kiburi. Hakuna anayezungumzia kumrudisha Amanda.

Kwa hiyo mtayarishaji anayetaka kununua vichekesho vya wenzake ajiulize kwanza: watu wa kwetu wanaona aibu juu ya nini, na mbele ya nani? Akikosa jibu, aziache fedha zake benki.