Dalili za magonjwa ya mbu huonekana mapema, kinga huchelewa

DALILI ya mvua ni mawingu. Hata hivyo, kuhusu magonjwa yanayoenezwa na mbu, Kenya imeyaona mawingu mara si haba na kuanza kutafuta mwavuli mvua ikiwa imekwisha kunyesha.

Mwishoni mwa mwaka wa 2006, bahari za Pasifiki na Hindi zilipopata joto kupita kawaida, wataalamu wa kimataifa walionya kwamba homa ya Bonde la Ufa ingeweza kuzuka Afrika Mashariki. Mafuriko yakafuata. Mayai ya mbu yenye virusi, ambayo huweza kukaa ardhini miaka mingi yakisubiri maji, yakaanguliwa. Desemba wagonjwa wakagunduliwa Garissa, ilhali chanjo ya mifugo ilianza Januari 2007. Kufikia Machi, watu 684 walikuwa wameugua nchini na 155 kati yao kufariki. Haukuwa msiba mgeni, kwani maradhi hayo hayo yalizuka baada ya mvua ya El Nino ya 1997.

Si mafuriko pekee yanayofaa kuogopwa. Mwaka wa 2004 homa ya chikungunya ilizuka Lamu wakati wa ukame. Wakazi walihifadhi maji mitungini na mapipani, na mbu wakazaana humo. Takriban robo tatu ya wakazi wa mji huo waliambukizwa, kisha maradhi yakavuka bahari hadi Comoro.

Katika nyanda za juu kama Kericho, Kisii na Nandi, ngao ya wakazi imekuwa baridi. Vimelea vya malaria hukua kwa shida mno ndani ya mbu joto linaposhuka chini ya nyuzi 18. Joto likipanda kidogo tu, vimelea hukomaa upesi na kuwapata watu ambao miili yao haijazoea ugonjwa huo. Ndiyo sababu malaria ya milimani huua watu wazima sawa na watoto. Ni kweli kwamba ukataji wa misitu na usugu wa vimelea kwa dawa pia vilichangia mikurupuko ya miaka ya 1990, lakini hilo halipunguzi hatari ya joto.

Isitoshe, mnamo 2022 mbu aina ya Anopheles stephensi, mwenye asili ya Asia, alipatikana Marsabit. Mbu huyu huzaana katika matangi na vyombo vya maji mijini, hivyo malaria huenda isibaki ugonjwa wa mashambani.

Mifano hii yaonyesha kwamba utabiri wa hali ya hewa sasa ni chombo cha afya, si habari ya mkulima pekee. Tatizo ni kwamba utabiri hutolewa na idara ya serikali kuu, ilhali zahanati na wahudumu wa afya wa mashinani wamo mikononi mwa kaunti. Onyo lisipoambatana na fedha zilizotengwa mapema, hubaki karatasi tu.

Yafaa kila kaunti iamue kabla ya msimu kwamba mvua ikitabiriwa kupita kiwango fulani, mifugo itachanjwa, neti na dawa zitafikishwa vijijini, na ukame ukitabiriwa, mapipa ya maji yatafunikwa. Kusubiri mgonjwa wa kwanza ni kuchelewa.