Maiti wa Maafa Hawaleti Mlipuko wa Magonjwa

Hoja kwamba maiti wa ajali kubwa wazikwe upesi katika kaburi la pamoja ili kuzuia magonjwa haina msingi. Aliyekufa kwa moto au kifusi kwa kawaida hana maradhi ya kueneza. Aliyekufa kwa Ebola au kipindupindu ni suala jingine. Haraka hiyo ya kuzika hunyima pia nafasi ya kutambua maiti. Lori la mafuta lilipolipuka Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, miili mingine iliungua isitambulike, ikabidi kutegemea vinasaba vya ndugu. Kazi hiyo ya utambuzi yataka majokofu, mifuko ya maiti, na namba moja ileile mwilini, mfukoni na daftarini. Namba ikichanganywa, mama huzika mtoto wa mwenzake. Kwa hiyo hospitali inayofanya mazoezi ya maafa kwa majeruhi tu, ikasahau chumba cha maiti, haijajiandaa.