MAONI: Heshimu mzee, lakini kura yako usimwachie akupigie

KILA Aprili jiji la Bangkok hulowa chapachapa. Ni Songkran, mwaka mpya wa Kithai, na bila shaka umeziona zile video: vijana kwa wazee wakikimbizana barabarani na bunduki za plastiki, wakimwagiana maji mpaka mtu hatambuliki. Ukizitazama kwenye simu unatamani ukate tiketi leo leo.

Kuna maji mengine ya Songkran ambayo hayaonekani sana kwenye video hizo. Haya hayarushwi. Humiminwa polepole, yakinukia maua ya yasmini, juu ya viganja vya wazee. Mdogo anainama, anamimina, anaomba radhi kwa makosa ya mwaka uliopita. Mzee naye anambariki. Ni desturi tamu, na sitaki ufikiri nimekuja hapa kuidharau.

Nimekuja kukueleza kuhusu nyumba moja ambako desturi hiyo iligeuka siasa, na jinsi taifa zima lilivyolipa.

Nyumba yenyewe ilikuwa Thewet, Bangkok, na watu waliiita Nguzo Nne. Aliishi humo Jenerali Prem Tinsulanonda. Huyu alikuwa mkuu wa jeshi, kisha waziri mkuu kuanzia 1980 hadi 1988 bila hata siku moja kugombea kura. Alipotoka aliingia baraza la washauri wa mfalme, akaliongoza tangu 1998 mpaka alipofariki Mei 2019, akiwa na miaka 98.

Wakati wa Songkran, Mwaka Mpya na siku yake ya kuzaliwa mwezi Agosti, wakuu wa majeshi na polisi walifika pale wakiwa na magwanda yao rasmi kumpa heshima. Walimwita Pa, yaani baba, na wale aliowainua vyeo waliitwa watoto wa Pa. Hakuoa wala hakuzaa. Watoto aliokuwa nao ndio waliokuwa na vifaru.

Sasa jiulize, msomaji. Mkuu wa jeshi kisheria hupokea amri kutoka kwa serikali. Lakini mbele ya kamera za taifa anainama kwa nani? Kwa mzee ambaye hakuna mpiga kura aliyemchagua. Askari wa cheo cha chini anayetazama runinga kambini hahitaji kuambiwa kitu. Ashaelewa.

Prem mwenyewe aliliweka wazi Julai 2006 alipozungumza na makurutu wa chuo cha maafisa. Aliwaambia serikali ni kama mpanda farasi tu, huja na kuondoka. Mwenye farasi ni taifa na mfalme. Miezi miwili baadaye, Septemba 19, vifaru viliingia Bangkok na kumpindua Waziri Mkuu Thaksin Shinawatra akiwa New York kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa. Aliyewekwa kuongoza serikali baada ya mapinduzi alikuwa Surayud Chulanont, mkuu wa zamani wa jeshi, mtu wa karibu wa Prem na mwenzake katika baraza la mfalme.

Prem alikana kuhusika, na mimi si hakimu. Lakini nchi haikuhitaji karatasi yenye saini yake. Ilishaona miaka nenda miaka rudi nani huinamiwa.

Usidhani Thaksin alikuwa malaika. Alikuwa afisa wa polisi aliyegeuka bilionea wa simu, na vita vyake dhidi ya dawa za kulevya mwaka 2003 viliua zaidi ya watu 2,000, wengi bila kufikishwa mahakamani. Ila pia alileta matibabu ya baht 30, hela kidogo sana, na mkulima wa Isan, kule kaskazini mashariki, akaona kwa mara ya kwanza kwamba kura inaweza kumlipia hospitali. Mtu kama huyo ukimpindulia serikali yake, humpokonyi Thaksin peke yake kitu. Unampokonya na yeye.

Hapo ndipo Thailand ilipasuka rangi mbili. Shati la njano lilikuwa la waliojiita watetezi wa kiti cha enzi, kwa sababu Mfalme Bhumibol alizaliwa Jumatatu na njano ndiyo rangi ya Jumatatu. Mwishoni mwa 2008 waliuteka uwanja mkuu wa ndege, Suvarnabhumi, ukafungwa kwa karibu wiki nzima. Shati jekundu lilikuwa la wafuasi wa Thaksin na wote waliochoka na mapinduzi. Wekundu walifufua maneno mawili ya kale: "ammat", yaani wakubwa wa ikulu, na "phrai", watwana. Wao wakajiita phrai bila haya. Mwaka 2007 waliokasirishwa na mapinduzi waliandamana hadi nje ya Nguzo Nne, wakapambana na polisi.

Machi 2010 wekundu walitolewa damu mishipani, wakaibeba kwenye madumu na kuimwaga langoni kwa ofisi ya waziri mkuu. Fikiria. Taifa ambalo mdogo humwagia mzee maji ya yasmini, watu wake sasa wanamwaga damu yao wenyewe ili wasikizwe. Kufikia Mei 19, jeshi lilipowafurusha katikati ya jiji, watu zaidi ya 90 walikuwa wamekufa katika machafuko ya wiki chache.

Miaka minne baadaye jeshi lilipindua tena. Prayut Chan-o-cha, mkuu wa jeshi, alitwaa nchi Mei 22, 2014. Na unajua alienda wapi kuwasalimu wazee na mawaziri wake pamoja na makamanda? Nguzo Nne, kwa Pa.

Wasee, hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Wanaotetea desturi hizi husema heshima ndiyo inayoshikilia nchi pamoja. Ati bila wazee wa kuinamiwa kila mtu angejifanyia apendavyo. Nimeishi upande huo, kwa hivyo siwezi kuucheka. Karo iliponishinda nikaacha chuo mwaka wa pili, nyumbani walinipeleka kwa mzee mmoja wa ukoo. Tulibeba sukari na majani ya chai. Niliketi kwenye kigoda kichwa chini karibu saa nzima, nikajieleza, nikaomba radhi. Radhi ya nini hata sikujua, kwani pesa ndizo zilikuwa zimeisha. Lakini mzee alipoweka mkono kichwani mwangu, nilitoka pale nikiwa mwepesi. Sitakudanganya, ilinisaidia.

Tofauti ni hii: yule mzee hakuwa na bunduki. Baraka yake ningeweza kuikosa na bado nipate kazi, nipige kura, nilale kwangu. Heshima yangu kwake ilikuwa yangu kutoa. Heshima inayolindwa na vifaru si heshima tena, ni ushuru.

Na ukishaifanya heshima kuwa ushuru, hakuna hoja inayosikika. Mkulima akiuliza mbona kura yake imefutwa, jibu si "umekosea kwa sababu hii na hii." Jibu ni "huna adabu." Mjadala unakufa hapo hapo, na hasira inabaki bila mlango wa kutokea. Ndiyo maana nasema ibada hizi hazikuiunganisha Thailand. Ziliifunika tu mipasuko, nayo ikaoza chini.

Hata historia yao wenyewe inawasuta. Mwaka 1873 Mfalme Chulalongkorn alipiga marufuku watu kusujudu mbele ya wakubwa, akisema ni ishara ya ukandamizaji. Karne moja na nusu baadaye, mwaka 2017, wanafunzi wapya wa chuo kikuu chenye jina lake waliletwa kusujudu mbele ya sanamu yake. Ndiyo, sanamu ya mtu aliyekataza kusujudu. Mwanafunzi Netiwit Chotiphatphaisal, aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la wanafunzi, aliinama kidogo akiwa amesimama, kisha akaondoka na wenzake. Alivuliwa uenyekiti.

Wenye rika letu huko walianza kuona uchi wa wakubwa kupitia simu kama sisi. Mwishoni mwa 2017 Jenerali Prawit Wongsuwan, naibu waziri mkuu, aliinua mkono kujikinga jua wakati baraza la mawaziri likipigwa picha. Kumbe mkononi kuna saa ya mamilioni ambayo hakuwa ameitaja kwenye orodha ya mali zake. Vijana wa mtandaoni wakafukua picha za zamani, saa baada ya saa. Jibu la mzee? Aliazimwa na rafiki, na rafiki ashakufa. Tume ya kupambana na ufisadi ikamsafisha.

Linganisha na kijana wa kawaida wa Kithai. Aprili hiyo hiyo ya Songkran ndiyo miezi ya kuitwa jeshini. Mwanamume akifikisha miaka 21 hutumbukiza mkono kwenye chombo na kutoa kadi. Nyeusi, anarudi kwao. Nyekundu, anaenda kambini. Wapo wanaozimia kwa furaha na wapo wanaolia. Mkono wa mwana wa maskini unatafuta kadi nyeusi, mkono wa jenerali unasubiri maji ya yasmini.

Basi mwaka 2020 walijaa barabarani. Wanafunzi wa sekondari walifunga utepe mweupe, wakainua vidole vitatu wakati bendera inapandishwa, wakakataa kunyolewa vichwa kama makurutu. Walibeba bata wa plastiki kujikinga na maji ya polisi yenye kemikali. Wakili Anon Nampa alisema hadharani kwamba hata kiti cha enzi chafaa kujadiliwa. Kifungu cha 112 cha sheria yao kinatoa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa la kumtusi mfalme, na Anon yuko ndani tangu Septemba 2023, hukumu zake zikijumlishwa zimepita miaka 20.

Wakaambiwa nendeni debeni basi. Wakaenda. Mei 2023 chama chao cha Move Forward, rangi ya chungwa, kilizoa kura zaidi ya milioni 14 na viti 151, kikawashinda wote. Lakini katiba ya 2017 iliyotungwa chini ya wanajeshi ilikuwa imewapa maseneta 250 walioteuliwa na jeshi haki ya kumchagua waziri mkuu. Kiongozi wa chama, Pita Limjaroenrat, aliungwa mkono na maseneta 13 pekee. Mwaka uliofuata mahakama ya katiba ikakivunja chama chenyewe.

Na hii ndiyo sehemu inayoniuma zaidi. Agosti 22, 2023, Thaksin alirudi nyumbani baada ya miaka 15 uhamishoni. Siku hiyo hiyo chama cha familia yake kilipata uwaziri mkuu kwa kuungana na vyama vya majenerali waliokipindua. Wazee walisalimiana, yakaisha. Lakini waliokufa 2010 hawakufufuka kwa salamu hiyo. Mama aliyezika mwanawe akiwa na shati jekundu, ni nani aliyekuja kummwagia yeye maji mikononi na kuomba radhi?

Salamu hizo hazikumlinda hata binti yake. Paetongtarn Shinawatra, akiwa waziri mkuu, alinaswa kwenye simu iliyovuja Juni 2025 akimwita Hun Sen wa Kambodia "mjomba" na kumsema kamanda mmoja wa jeshi la nchi yake kuwa wa upande pinzani. Agosti mahakama ikamng'oa. Unaweza kumwita jirani mjomba na bado ukabaki bila kiti.

Wengi wetu hapa Kenya jina la Thailand tumelisikia kwa huzuni, kupitia ndugu walioahidiwa kazi Bangkok kisha wakavushwa mpaka hadi kambi za utapeli Myanmar. Ni haki tuijue nchi hiyo zaidi ya hapo, kwa sababu vijana wake wanapigania kitu tunachokielewa. Nasi Juni 2024 tulipoingia barabarani, kuna waliotujibu kuhusu mswada na kuna waliotujibu kuhusu adabu. Unakumbuka nani alisema nini.

Sikuambii uache kumsalimu babu. Msalimu, mbebee sukari, inama akikubariki. Lakini siku ukiona watu wenye bunduki au wenye hazina wanapanga foleni kwenye nyumba ya mzee ambaye hakuchaguliwa, usiseme "ni mila tu." Uliza wanapokea nini huko kando na baraka. Na ukiona viongozi wawili waliokutenganisha na jirani yako wanakumbatiana mbele ya kamera, uliza waliozikwa wametajwa au la.

Uliza kwa adabu ukitaka. Ila usikubali kuambiwa kwamba kuuliza ndiko kukosa adabu.