Tope la Masinga: Kompyuta inaweza kutabiri, lakini nani anapima?

Kila msimu wa mvua, maji ya Mto Tana nchini Kenya hugeuka mekundu. Rangi hiyo ni udongo wa mashamba ya miteremko ya Aberdare na Mlima Kenya. Sehemu kubwa yake huishia katika bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 likiwa na uwezo wa kuhifadhi takriban mita za ujazo bilioni 1.56 za maji.

Masinga ndilo ghala la maji la mabwawa ya umeme yaliyo chini yake: Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Tope likijaa, akiba ya kiangazi inapungua. Ndiyo maana wahandisi huuliza: katika kila tani 100 za udongo unaoingia bwawani, ngapi hubaki humo?

Kwa miongo kadhaa wamelitafuta jibu katika mchoro wa Mmarekani Gunnar Brune wa mwaka 1953, unaolinganisha ujazo wa bwawa na maji yanayoingia kwa mwaka. Ni rahisi kuutumia, lakini ulitokana na mabwawa yasiyofika 50, tena ya Marekani. Hauhesabu mafuriko ya ghafla wala jinsi milango ya bwawa inavyofunguliwa.

Sasa watafiti wanageukia akili mnemba. Kompyuta hupewa vipimo vya mabwawa mengi, ikajifunza yenyewe uhusiano kati ya mvua, aina ya udongo, umbo la bwawa na tope linalonaswa, kisha ikakadiria hali ya bwawa jingine. Ubora wake ni kupima mambo mengi kwa pamoja. Hatari yake ni kwamba ikifunzwa kwa mito ya mbali, inaweza kutoa jibu linalovutia lakini lisiloifaa Tana.

Suala hili si dogo. Mwaka 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa ifikapo 2050 mabwawa makubwa yapatayo 50,000 duniani yatakuwa yamepoteza takriban robo ya ujazo wake wa awali. Na tope linalobaki juu ndilo rutuba inayokosekana kwa wakulima wa delta ya Tana.

Kwa hiyo, kabla ya kununua programu, lazima mashua ipime kina cha bwawa mara kwa mara, na maji ya mto yachotwe na kupimwa, hasa siku za mafuriko. Bila vipimo hivyo, kompyuta nayo itakuwa inabahatisha tu.