Kicheko Kina Kosa Gani? Kuitetea La Vie est belle

Imekuwa desturi katika idara zetu za fasihi kuiheshimu kazi ya sanaa kwa kadiri inavyotununisha. Kazi ikitutoa machozi tunaiita nzito. Ikituchekesha, tunaitupa kwenye rafu ya burudani na hatuirudii. Makala haya yanakusudia kuipinga desturi hiyo. Shahidi wetu ni futuhi moja ya Zaire, La Vie est belle, iliyoongozwa mwaka 1987 na Mweze Ngangura pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy.

Niliiona mara ya kwanza nikiwa mtoto wa shule ya msingi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, sebuleni kwa ami yangu jijini Nairobi. Kanda yenyewe ilikuwa nakala ya nakala, picha zikiruka na sauti ikififia. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua Kifaransa. Hata hivyo tulicheka mpaka majirani wakaja kuuliza kulikoni, nao wakaketi. Papa Wemba, ambaye hadi siku hiyo tulimjua kwa sauti tu, alikuwa mbele yetu akiigiza Kourou, mwanamuziki wa kijijini anayefika Kinshasa kutafuta jukwaa akaishia kuwa mtumishi wa nyumbani.

Kumbukumbu hiyo ingalibaki mali yangu ya faragha lau mwanafunzi mmoja wa uzamili asingaliambiwa mbele ya jopo kwamba filamu hii haina uzito wa kubeba tasnifu, akashauriwa ashike Xala ya Sembène Ousmane. Nilipouliza, nilibaini kwamba ni mjumbe mmoja tu aliyekuwa ameitazama.

Ukuu wa Xala haubishaniwi. Lakini na tulinganishe. Katika kazi hiyo (riwaya 1973, filamu 1975), mfanyabiashara wa Dakar anaoa mke wa tatu, na usiku wa harusi nguvu za kiume zinamtoka. Katika La Vie est belle, Nvouandu, tajiri wa Kinshasa mwenye ukumbi wa dansi, anasumbuliwa na udhaifu uo huo. Mganga anamwagiza aoe mwanamwali, kisha asimguse kwa siku thelathini. Mwanamwali anayepatikana ni Kabibi, ambaye mtumishi wake Kourou anampenda. Wasanii wote wawili wameshika ishara moja: mwenye mali ambaye uwezo wake ni ganda tupu. Iweje basi ishara hiyo iwe uhakiki wa ubepari ikiwa Dakar, igeuke mzaha mtupu ikifika Kinshasa?

Jibu, kwa maoni yetu, limo katika miisho ya kazi hizi. Katika Xala, mafukara wanamtemea tajiri mate, lakini ufukara wao unabaki palepale. Katika La Vie est belle, Kourou analipata jukwaa, na Kabibi pia. Hili ndilo linalotuudhi sisi wahakiki. Tumemzoea maskini kama ushahidi wa dhuluma. Akiimba, twasema amepumbazwa. Mbona basi hatusemi hivyo juu ya Abunuwasi, ambaye kwa vizazi vingi amewazidi wakubwa akili huku hadhira ikishika mbavu? Ngangura ni mzaliwa wa Bukavu, mji ambamo Kiswahili ni lugha ya kila siku. Sidai kwamba alimtoa Kourou katika ngano hizo. Nadai tu kwamba aliyelelewa nazo atamtambua mtumishi huyu mara moja, na hatahitaji tafsiri, kama sisi pale sebuleni tusivyoihitaji.

Itasemwa kwamba filamu ina dosari. Naam, inazo. Wakazi wa Kinshasa wanazungumza Kifaransa kingi mno, na Kilingala kimeachiwa nyimbo. Kabibi anagombewa zaidi ya anavyosikilizwa. Isitoshe, katika Zaire ya Mobutu, filamu haikuthubutu kumtaja mtawala. Lakini dosari ni malighafi ya uhakiki. Kila mojawapo ingalimpa mwanafunzi yule sura nzima ya tasnifu, na ile ya tatu ingalimlazimu kujiuliza watazamaji wa Kinshasa walimfikiria nani walipomcheka bwana mkubwa anayetegemea mganga ili aonekane dume.

Papa Wemba alifia jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016. Rambirambi zilimsifu mwanamuziki, na ilikuwa haki yake. Katika kumbi zetu za mihadhara, sikumsikia yeyote akimtaja mwigizaji.

Mwanafunzi yule alibadili mada, na tasnifu yake ikapita. Nimeisoma: ni kazi safi, yenye nadharia za kutosha, na hakuna ukurasa hata mmoja ambamo mtu anacheka. Ombi letu kwa jopo litakaloletewa pendekezo kama lake ni dogo: kabla ya kuipima filamu uzito, liitazame. Na likicheka, lijiulize limemcheka nani.