Mambo ya Nyumbani: Mtoto wa Mbwa Akija Kukaa

Wengi wetu humpata mbwa kwa njia moja. Jirani anaye jike aliyezaa, watoto ni sita au saba, naye hawezi kuwalisha wote. Basi mmoja hutiwa kikapuni, akapewa kijana wetu amlete nyumbani. Baba hufurahi akasema, "Vema, tumepata mlinzi." Lakini aliyemo kikapuni si mlinzi bado. Ni mtoto mchanga aliyetengwa leo na mama yake na ndugu zake, tena hajui neno hata moja la nyumba yenu.

Kwanza ulizeni umri wake. Mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi. Macho yake hufumbuka baada ya siku 10 hadi 14 hivi. Tangu juma la tatu huanza kucheza na ndugu zake, na katika michezo hiyo ndimo ajifunzamo kipimo cha meno: akimwuma mwenzake sana, mwenzake hulia na kuacha kucheza naye. Kwa hiyo asitolewe kwa mama yake kabla ya kutimiza majuma manane. Aletwaye wa majuma manne hulikosa somo lile, na watakaolilipia ni watoto wa nyumba kwa vidole vyao.

Usiku wa kwanza atalia. Atalia usiku wa pili vilevile. Watu huudhika, wakamfungia ghalani au kumpiga kwa ufito, wakidhani ni ukaidi. Sivyo; alikuwa akilala katika joto la miili ya wenzake, na sasa yu peke yake gizani. Mwombeni jirani kipande cha gunia alilolalia mama yake, mkitie ndani ya sanduku, na sanduku liwekwe karibu na mahali alalapo mtu. Baada ya siku chache kilio hupungua. Najua wako wazee watakaotukumbusha ya kwamba mbwa ukimzoea atakufuata hata msikitini. Wana haki yao. Walakini pembe ya jiko si kitanda, na kijibwa kilalacho karibu na watu kwa mwezi mmoja hakikuharibu heshima ya mtu yeyote.

Kwa habari ya mkojo: mbwa wa miezi miwili hawezi kujizuia zaidi ya saa tatu hivi mchana. Basi atolewe nje kila aamkapo, kila alapo, na kila amalizapo kucheza, tena mahali palepale. Akifanya, asifiwe papo hapo. Ile desturi ya kumsugua pua katika mkojo wake haifundishi kitu ila kujificha nyuma ya mtungi. Alishwe mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo, ugali laini pamoja na dagaa au nyama iliyopikwa. Asipewe vitunguu, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika vipande vikali vinavyoweza kumtoboa tumbo. Na hapa niseme neno kwa akina baba. Mara nyingi mtoto ndiye apewaye mbwa, na mama ndiye apewaye kazi. Agizeni tangu siku ya kwanza nani alisha na nani asafisha, na mtu mzima akague.

Meno ya utoto ni 28. Huanza kung'oka karibu na mwezi wa nne, na kufikia mwezi wa saba huwa amepata ya ukubwani, nayo ni 42. Katika miezi hiyo fizi humwasha, naye atatafuna viatu, mikeka na madaftari ya shule. Mpeni kitambaa kigumu kilichofungwa fundo na kuloweshwa maji. Viatu viinueni juu.

Sasa nifikie jambo linilemealo zaidi. Kati ya juma la tatu na la kumi na nne hivi, mbwa huamua moyoni ni vitu gani vya amani na ni vitu gani vya kuogopwa. Alivyokutana navyo kwa utulivu siku zile, havimtishi baadaye: baiskeli, mwavuli, mtu mwenye mzigo kichwani, mzee mwenye fimbo, mbuzi, watoto wa shule wakipita kwa kelele. Nasi katika siku zizo hizo humfunga kamba mtini, tukamchokoza, "ili awe mkali." Twapata tulichotaka. Mbwa huyo hatambui mwizi na mgeni. Humwuma mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi. Kubweka humjia mwenyewe akikua, hakuhitaji kufundishwa kwa mapigo.

Na jeraha la mbwa si jeraha tu. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila kumi karibu wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15. Dalili zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Lakini kabla ya dalili kuna njia, nayo si mpya: tarehe 6 Julai 1885, mjini Paris, Louis Pasteur alianza kumdunga chanjo Joseph Meister, mtoto wa miaka tisa kutoka Alsace aliyeumwa na mbwa, naye akaishi. Mtu akiumwa, au akikwaruzwa hata kidogo, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile. Asipakwe tumbaku, wala pilipili, wala majivu. Msiseme, "Ni kijibwa chetu tu". Watoto wa mbwa nao hupatwa na kichaa.

Enyi walimu na wazazi, watoto huficha. Mtoto aliyekatazwa kumchezea mbwa, akaumwa, huogopa fimbo ya nyumbani kuliko jeraha. Hulifunika kwa kaptura, akanyamaza, na majuma hupita. Semeni mbele yao wote, siku ileile kijibwa kiingiapo nyumbani, ya kwamba aliyeumwa hatapigwa, hata kama alikosa. Kisha litimizeni neno hilo.

Wako pia minyoo. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa nayo au huinyonya katika maziwa, na mayai yake hutoka katika mavi yao na kukaa udongoni, pale pale watoto wachezapo. Apewe dawa mapema kwa shauri la bwana mifugo, mavi yafukiwe, na mikono ioshwe kabla ya kula.

Mpeni jina fupi, nalo liwe moja kwa nyumba nzima. (Wengine humpa mbwa jina la fumbo la kumsuta jirani, likaitwa kila jioni uani. Mbwa hana hatia katika hayo.) Akitimiza miezi mitatu, apelekwe kuchanjwa kinga ya kichaa, na tena baada ya mwaka. Siku ya chanjo itangazwapo kijijini, mzoezeni kamba siku chache kabla, apelekwe na mtu mzima aliyemzoea, wala si mtoto mdogo, kwa kuwa mbwa wengi hukutana hapo kwa hofu. Cheti atakachopewa kihifadhiwe katika mfuko uleule wenye kadi za kliniki za watoto.