Kigego hakuletwa na video

Filamu za kutisha zenye watoto waovu, inadaiwa, zimeingiza Kilosa na Mikumi hofu ya kigeni: kumwona mtoto kuwa balaa, ilhali kwa Mwafrika mtoto ni baraka tupu.

Baraka tupu? Kigego, yaani mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, hakushuka na mkanda wa video. Kwa Wakaguru wa Kilosa alihesabiwa mkosi, na zamani aliweza kuuawa. Mwanaanthropolojia T. O. Beidelman, aliyeanza utafiti Ukaguru mwaka 1957, alichapisha makala kuhusu mikosi ya Wakaguru mwaka 1963. The Omen, filamu ya kutisha yenye mtoto mwovu aitwaye Damien, ilitoka 1976. Pengine wahenga walikuwa na kionjo chake.

Kama kuna tofauti kati ya kigego na mtoto wa filamu, haiisaidii hoja hiyo. Damien wa The Omen ana yaya na mbwa wa kumlinda, na mtu mzima anayemwinulia kisu ndiye anayeuawa. Kigego hakuwa na mlinzi. Alikuwa na meno mawili tu, na hata hayo yalimponza.

Eti watoto wataiga filamu hizo. Waige nini? Damien mwenyewe hafanyi mengi zaidi ya kuendesha baiskeli yake vibaya. Maovu mengi hutendwa na watu wazima.

Kuhusu wito wa kuzipiga marufuku filamu hizo, sheria ya Tanzania ya filamu na michezo ya kuigiza ipo tangu huohuo mwaka 1976, na Bodi ya Filamu hupanga madaraja ya umri. Wa kuulizwa ni mwenye banda la video anayepokea kiingilio cha mtoto usiku.